Mlio wa Mtungi

1

Waliofanya kazi na Nyamizi Kapaya walijua kwamba saa mbili na robo asubuhi hasemeshwi. Huo ulikuwa wakati wake wa kusoma Jarida la Alama, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kama kuna mtu yeyote nchini aliyeomba kusajili jina, mchoro, rangi au mlio unaokaribiana na alama za wateja wao. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, mkabala na kituo cha treni mjini Moshi, na mlangoni pameandikwa Mremi na Wenzake, Mawakili wa Alama za Biashara.

Nyamizi hakuwa wakili. Alikuwa msaidizi wa sheria, na hakuwahi kuona haya kulisema hilo mbele ya mawakili. Alikuwa na kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho: leseni ya utafutaji namba 212. Ripoti ikitiwa saini na mwenye leseni hiyo, Msajili hatafuti upya. Anaamini kwamba kilichoandikwa kimetafutwa kweli. Kwa miaka kumi na saba hakuna ripoti ya Nyamizi iliyorudishwa. Kuna watafutaji waliokuwa wepesi kuliko yeye, na wengine wenye mashine bora. Yeye alisoma kila kitu mara mbili, ya pili kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

Asubuhi hiyo alikuta mtu wa Tanga ameomba kusajili sabuni kwa jina la Povu Jema. Mteja wao alikuwa na Povu Njema tangu zamani. Alitikisa kichwa, akafungua fomu ya pingamizi.

"Umepata mwizi?" aliuliza Wakili Aikande Mremi, akipita na kikombe chake cha kahawa.

"Nimepata mvivu, Wakili. Mwizi angebadilisha zaidi ya herufi moja."

Zamani alama ikiibiwa, mwenyewe alikwenda mahakamani na kesi ikala miaka. Sasa karibu kila mtu alikuwa na punje, kidude kidogo kuliko punje ya mtama, kilichowekwa ndani ya sikio na muuguzi tangu mtu akiwa mtoto. Punje ilitafsiri lugha, ilileta simu, ilipunguza makelele ya mashine. Na mtu alipoingia sokoni au dukani, mnara mdogo wa mahali hapo uliikumbusha punje orodha ya alama zilizosajiliwa. Muuzaji akiita bidhaa yake jina lisilo lake, au bidhaa ikitoa mlio unaokaribiana na uliosajiliwa, mnunuzi hasikii. Anasikia kitu kama upepo unaopita juu ya majani, laini kiasi kwamba wengi hawatambui hata kama kuna kilichofichwa. Watu wa kazi ya Nyamizi waliita jambo hilo kufifisha. Bidhaa bandia zilikuwa zimepungua sana, dawa za uongo zimekwisha madukani, na Nyamizi aliamini kwa moyo wake wote kwamba ameshiriki kuleta hayo.

Faili aliloringia kuliko yote lilikuwa la Injinia Ombeni Mfinanga. Mtu huyu alikuwa ametengeneza chombo cha kupoza maji bila umeme, na maji yakishapoa chombo hulia mara tatu: ngo, ngo, ngooo. Mlio huo ndio aliotaka kuusajili. Ofisi yao haikuwa imewahi kusajili mlio. Nyamizi alilishika faili peke yake. Alipekua rekodi elfu arobaini na moja za milio, akazunguka maduka ya vyombo vya kupozea Moshi na Arusha akisikiliza kwa masikio yake, kama kanuni inavyotaka. Akaandika orodha ya bidhaa pana na imara, isiyo na mwanya wa mshindani kupenya. Ilipita bila pingamizi hata moja. Wakili Mremi aliwaita wote, akakata keki, akasema mbele ya watu, "Kazi hii ni ya Nyamizi. Mimi nilitia saini tu."

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita.

2

Jumatano ya wiki ile ile ya sabuni, alitumwa Same kuchukua kiapo cha wakulima wa tangawizi waliokuwa na kesi ya nembo. Alimaliza mapema. Treni ya kurudi ilikuwa saa tisa, basi akaingia sokoni. Dada yake alikuwa amehamia nyumba mpya na alitaka mtungi wa maji, wa udongo, wa kuweka barazani.

Upande wa wafinyanzi walikuwa wanawake kama kumi, mitungi imepangwa juu ya majani makavu. Wateja walikuwa wachache. Alisimama mbele ya mama mmoja mwembamba mwenye mikono mikubwa, kucha zikiwa na udongo mwekundu usiotoka tena kwa maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu mitungi. Mimi ni Nakijwa, ukiuliza milimani kule juu watakuonyesha kwangu. Gonga mwenyewe, usiniamini."

"Nigonge?"

"Hujui kununua mtungi?" Mama Nakijwa hakusema kwa kejeli. Aliuinua mtungi mmoja kwa kiganja cha kushoto, akakunja kidole, akaugonga mara tatu, ya tatu akaiacha ining'inie. Kisha akamtazama Nyamizi usoni, kama mtu aliyetia chakula mdomoni mwa mgeni anangoja kuambiwa kitamu. "Umesikia?"

Nyamizi alikuwa amesikia upepo ukipita juu ya majani.

Hapakuwa na upepo. Vumbi lilikuwa limetulia chini. Mtu mwingine angedhani amesikia vibaya, lakini Nyamizi alikuwa ameujua upepo huo kwa miaka kumi na saba. Aliomba ajaribu. Akagonga mtungi ule, upepo. Akagonga wa pili na wa tatu, upepo ule ule, bila tofauti.

"Nao wanafanya hivyo hivyo," alisema Mama Nakijwa, akiwanyooshea kidevu wateja. "Wanagonga, wananitazama kama nimewauzia bubu. Wanasema mitungi yangu haina sauti siku hizi. Mimi naisikia."

"Huna punje, mama?"

"Ilinipita. Walipokuja kuwawekea watu nilikuwa tanurini, nikasema nitakwenda kesho. Sasa nina miaka sabini na mmoja."

Nyamizi alichuchumaa. Aliuliza polepole, kama anavyouliza shahidi. Mama Nakijwa akamweleza. Mtungi mzuri hulia kama kengele ndogo. Wenye ufa wa ndani, usioonekana, hukoroma. Usioiva motoni hutoa mlio mfupi uliokufa. Ndiyo sababu tangu bibi zao mnunuzi hugonga kabla hajachagua. Lakini tangu miezi kadhaa watu hawatofautishi. Wachoma haraka haraka wamejaa sokoni na mitungi mibichi, kwa kuwa hakuna awezaye kuwabaini. Mtu anafika nyumbani, anajaza maji, mtungi unapasuka, naye anaapa hatanunua tena udongo wa Upare.

"Mimi sijarudishiwa mtungi tangu niolewe," alisema Mama Nakijwa. "Hata mmoja. Mwezi uliopita mwanamke alinirudishia vipande vya mtungi ambao si wangu, akasema yote ni mamoja." Aliupangusa mtungi kwa upande wa khanga. "Hilo liliniuma. Kwamba yote ni mamoja."

Nyamizi alinunua mtungi aliochaguliwa na mwenye nao. Katika treni aliupakata mapajani. Treni ilipotoka nje ya eneo la mnara wa soko, aliugonga mara tatu.

Ngo, ngo, ngooo.

Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka, akatabasamu. "Umepata mtungi mzuri, dada," alisema.

3

Alilifungua faili kesho yake asubuhi kabla hajagusa jarida. Hakuwa na haja ya kulisoma lote. Alikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya bidhaa, mwandiko wake, fahari yake: vyombo vyovyote vya kuhifadhi au kupoza maji, viwe vya chuma, plastiki, kioo, udongo au malighafi nyingine.

Udongo. Vyombo vya Injinia Mfinanga vilikuwa vya plastiki iliyosindikwa. Hakuomba udongo. Neno lile aliliongeza yeye Nyamizi, siku mbili kabla ya kuwasilisha, kwa sababu orodha pana ni orodha nzuri. Kisha akageuza ukurasa, akakuta tamko lake chini ya namba 212: Nimesikiliza mahali panapouzwa bidhaa za aina zote zilizotajwa hapo juu. Alikuwa amesikiliza madukani. Baada ya kuongeza neno lile, hakwenda kwenye soko lolote la mitungi.

Alikaa akiutazama ule mstari hadi chai ikapoa. Kisha akabisha hodi kwa Wakili Mremi, akaeleza kila kitu akiwa amesimama.

Wakili alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitano, mtaratibu, aliyemfundisha Nyamizi kusoma mstari kwa kidole.

"Kaa," alisema. "Kwanza, siri ya mteja. Huwezi kumwambia yule mama chochote."

"Sijamwambia. Nilinunua mtungi tu."

"Pili, sisi tunamtumikia Mfinanga. Hatuwezi kubomoa alama ya mteja wetu kwa mikono yetu."

"Kanuni ya thelathini inaniruhusu kusahihisha ripoti yangu kwa kiapo. Ndani ya mwaka mmoja. Msajili peke yake ndiye anayeiona kwanza."

"Inakuruhusu," Wakili Mremi alikubali. "Haikulazimishi. Na unajua mwenye kusahihisha anachopata. Wanaifunga leseni. Nyamizi, ofisi hii nusu ya wateja wake wanakuja kwa ajili ya namba yako."

"Ndiyo maana, Wakili."

"Ndiyo maana nini?"

"Wanakuja kwa sababu namba 212 haijawahi kusema uongo. Sasa imesema."

Wakili aligeuka dirishani. Chini, treni ya mizigo ilikuwa ikiingia. Alisema, bila kugeuka, "Mpigie Mfinanga kwanza. Ana haki ya kusikia kutoka kwako, si kutoka kwa Msajili, Dodoma."

4

Injinia Ombeni Mfinanga alikuja mwenyewe siku hiyo hiyo alasiri, shati limekunjwa mikono, na harufu ya kiwanda. Alikuwa mtu wa bashasha, lakini kadiri Nyamizi alivyoeleza ndivyo bashasha ilivyomtoka.

"Dada Nyamizi, unajua mlio ule niliutoa wapi?" aliuliza.

"Uliandika umeubuni."

"Niliubuni kiwandani, ndiyo. Lakini kwanza niliusikia kwa bibi yangu. Alikuwa mfinyanzi. Nilikuwa nikikaa miguuni pake akigonga mitungi ikitoka tanurini, na kila uliolia vizuri aliniambia, huyu ni mwenzako. Nilipotengeneza chombo changu nikasema kilie kama mtungi wa bibi. Nilitaka aheshimiwe kila nyumba nchini." Alikunja vidole vyake. "Watu mia mbili wanakula kwa chombo hicho. Alama ikifutwa, kesho yake kuna vya bandia vinavyolia vile vile, na maji yake si salama."

"Sitaki ifutwe. Nataka neno moja liondoke."

"Mkiligusa neno moja Msajili atafungua faili lote. Mawakili wa washindani wangu wanasubiri kitu kama hicho." Alifikiri, kisha uso ukamchangamka. "Nina njia bora. Nitawapa ruhusa wafinyanzi wote, bure kabisa. Wajiandikishe kwangu, kila mmoja na namba ya punje yake, mnara wa soko uwaruhusu. Wiki mbili imekwisha. Hakuna wa kuumia, wala wewe hupotezi leseni."

Nyamizi alihisi njia ile ikimvuta, ilikuwa nyoofu na pana. Wakili Mremi alikuwa akimtazama naye, na machoni mwake mlikuwa na ombi. Nyamizi akaipima kama anavyopima alama, kutoka kila upande.

"Mfinyanzi niliyemkuta hana punje," alisema hatimaye.

"Atawekewa."

"Atawekewa apate ruhusa ya kugonga mtungi wake. Na siku kampuni ikiuzwa, mnunuzi akaikata ruhusa? Nani atamwambia?"

"Mimi siuzi kampuni yangu."

"Najua, Injinia. Nakuamini kabisa. Lakini Daftari la Msajili haliandiki moyo wa mtu. Linaandika mmiliki tu." Alivuta pumzi. "Na ruhusa ikitolewa, maana yake mlio ni wako na wao wameazimwa. Hilo si kweli. Nilikula kiapo kuandika yaliyo kweli."

Mfinanga alisimama. Hakugombana. Alisema tu kwamba ataweka wakili mwingine, kwa kuwa sasa hana ofisi ya kumtetea, akaondoka. Mlango ulifungwa taratibu, jambo ambalo lilimuuma Nyamizi kuliko kama ungebamizwa.

Jioni, kabla ya ofisi kufungwa, aliandika kiapo chake. Kilikuwa na mistari kumi na mmoja. Alikisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na Wakili Mremi aliyekuwa amesimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho.

"Mstari wa tisa," alisema Wakili. "Umeandika 'kwa uzembe'. Andika ulichofanya, si unavyojihisi."

Nyamizi akalikata neno, akaandika: bila kwenda kwenye soko la mitungi.

5

Kusikilizwa kulipangwa baada ya wiki sita, Dodoma. Msajili, Bwana Chilongani, alikuwa mzee mnyamavu aliyeandika kwa kalamu ya wino. Kwa amri yake wafinyanzi waliitwa kama mashahidi, na hapo ndipo Mama Nakijwa alipomwona tena yule mteja wake. Alimtazama Nyamizi kutoka upande wa pili wa ukumbi, akamtazama tena.

Wakili mpya wa Mfinanga alikuwa hodari. Alisema mlio ni alama, alama imesajiliwa kihalali, jarida lilitangaza, siku sitini zilipita, wafinyanzi hawakupinga. Alisema pia kwamba mtungi ni mtungi, mnunuzi ana macho, aangalie.

"Wafinyanzi wanasoma jarida?" Msajili aliuliza.

"Lipo wazi kwa wote, Mheshimiwa."

Msajili akaagiza mitungi mitano iliyonunuliwa Same wiki ile iletwe, ikapangwa mezani. Ukumbi ule ulikuwa na mnara wake kama wa sokoni, na ndio ukumbi pekee ambao mnara wake ungeweza kuzimwa kwa amri. Kwanza aliuacha ukiwaka. Aligonga wa kwanza hadi wa tano, kichwa ameinamisha.

"Macho yangu yanasema yote ni mizima," alisema. "Masikio yangu hayasemi kitu. Zima mnara."

Akagonga tena. Ngo, ngo, ngooo, na sauti ikajaa ukumbi mzima. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikoroma kama mtu mwenye mafua, na waliokaa nyuma wakaangaliana. Wa nne ulilia. Wa tano ulilia pia, mfupi kidogo.

"Mama Nakijwa," alisema Msajili, "simama ugeukie ukutani."

Mama Nakijwa akasimama, akageuka, mikono nyuma. Karani akaibadilisha mitungi nafasi, akaigonga mmoja mmoja. Mama Nakijwa alikuwa akijibu kabla mlio haujaisha.

"Mzima. Huo una ufa, uko chini karibu na kitako. Mzima. Huo haukuiva, mwenye kuuchoma alikuwa na haraka. Mzima, na huo ni wangu."

Karani alimimina maji katika ule alioambiwa haukuiva. Walingoja. Wakili wa Mfinanga aliangalia saa mara mbili. Baada ya dakika chache kitako cha mtungi kilianza kutoa jasho, kisha kikalainika, na tope jembamba likatambaa juu ya meza ya Msajili hadi kwenye karatasi zake. Hakuziondoa.

Nyamizi, aliyekaa peke yake kwenye kiti cha mtoa kiapo, aligundua kwamba anatabasamu, na kwamba mwili wake umesisimka kama siku ya keki. Hakuwahi kuona utafutaji uliofanywa vizuri namna ile. Mwanamke bila mashine, bila rekodi elfu arobaini, alikuwa amemaliza mitungi mitano kwa muda wa kunywa maji, na hakukosea hata mmoja. Huyo ni mtaalamu mwenzangu, aliwaza, na amenizidi mbali.

Ndipo Injinia Mfinanga alipoomba ruhusa. Wakili wake alimshika mkono; Mfinanga akautoa mkono huo kwa upole, akaenda mezani. Aliugonga mtungi wa Mama Nakijwa, akasikiliza. Akaugonga wenye ufa, akasikiliza. Alikaa hapo kitambo, mtu mzima ameinama juu ya meza yenye tope.

"Kwa muda wote huu nilikumbuka ile iliyolia vizuri tu," alisema. "Nilisahau mingine bibi aliivunja. Alikuwa akigonga ili aivunje ile mibaya kabla haijafika sokoni." Akamgeukia Msajili. "Chombo changu kibaki na mlio wake. Udongo sitaki. Sikuuomba."

Wakili wake alikaa chini.

Uamuzi haukuwa mrefu. Msajili alisema mlio unaomwonyesha mnunuzi kama chombo ni kizima si alama ya mtu, na hauwezi kufifishwa sokoni, leo wala kesho. Neno udongo liliondolewa. Alama ya Mfinanga ikabaki kwa vyombo visivyo vya udongo, na minara ya masoko yote ipewe orodha mpya kabla ya saa nane mchana. Kisha akavua miwani.

"Nyamizi Kapaya. Ulitia saini kwamba umesikiliza mahali ambapo hukufika. Leseni namba 212 inafungwa kwa miaka mitatu. Ungeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Hilo nalo liandikwe, lakini halibadilishi adhabu."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Nyamizi.

Nje, kwenye korido, Wakili Mremi alikuwa amesimama na mkoba wake. "Jumatatu saa mbili na robo," alisema. "Jarida halihitaji leseni kusomwa. Na nimemwambia mteja wa sabuni kwamba msaidizi wangu ni yule aliyejishtaki mwenyewe. Alisema basi huyo huyo abaki na faili lake."

Mama Nakijwa alikuja nyuma yake, mtungi wake kwapani. Walitazamana. Nyamizi alitaka kuomba msamaha, akakuta maneno yote aliyoyaandaa ni ya kiofisi.

"Ni mimi niliyeandika, mama. Lile neno."

"Nimesikia wakisema." Mama Nakijwa aliupima uso wake kama anavyopima udongo, bila haraka. "Hata mimi nimewahi kuharibu tanuri zima. Mitungi thelathini. Niliivunja mwenyewe mchana, majirani wakinitazama." Akampa mkono. "Ukija Same, pita kwangu. Nitakufundisha kusikia."

Karani alimwita kutoka ndani. Palibaki karatasi moja, fomu ya masahihisho, ambayo lazima mtafutaji aijaze kwa mkono wake mwenyewe. Nyamizi alikaa kwenye meza ambayo tope lilikuwa bado halijafutwa, akajaza tarehe, namba ya alama, neno lililoondolewa. Chini kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema: Aliyekosea. Wa pili: Aliyeligundua kosa.

Karani, msichana aliyekuwa amegonga mitungi, alisimama kando yake akingoja. "Kwa kawaida huo wa pili tunajaza sisi," alisema. "Huwa ni jina la mpinzani."

"Leo utakuwa na kazi ndogo," alisema Nyamizi.

Akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, lote, bila kufupisha. Kisha akashuka kwenye wa pili akaliandika tena, kwa mwandiko ule ule, herufi kubwa zilizosimama wima. Akaisoma fomu nzima kwa kidole, kisha akaisoma tena kwa sauti, na karani akasikiliza hadi mwisho kabla hajaigonga muhuri.